Herufi Zinazopotea Njiani

Kazi ile waliletewa na unga.

Bwana Ndung'u alikuwa na kiwanda cha mikate karibu na Jogoo Road, na tanuri lake kubwa liliendeshwa na kompyuta ndogo isiyo na skrini wala kibodi, bodi moja tu iliyofungiwa ndani ya sanduku la bati ukutani. Bodi hiyo ndiyo iliyoamua moto uwe mkali kiasi gani na mkanda wa kupitishia mikate uende kwa mwendo gani. Shida yake ilikuwa kusahau. Stima ikipotea, ilisahau kila kitu, na stima ikirudi ilibidi mtu aitilie disketi yenye programu ndipo ijue tena kazi yake. Lakini kiwanda cha mikate ni unga mtupu. Unga uliingia ndani ya disketi, ukaingia kwenye mdomo wa kusomea disketi, na mwaka ule wa tisini na saba stima ilikuwa ikipotea ovyo. Wafanyakazi walisimama wakitazama donge likiumuka na kumwagika kwenye masinia huku disketi ikikataa kusomeka.

Muasya ndiye aliyetoa wazo. Yeye na Mbaluka walikuwa mafundi wenye kibanda kimoja hapo Mbotela, wametengeneza televisheni na redio za mtaa mzima mpaka kompyuta zilipoanza kuingia, nao wakajifunza kompyuta.

"Mzee, tuondoe hiyo disketi kabisa," Muasya alimwambia Bwana Ndung'u. "Tuweke kadi ya mtandao kwenye bodi, tuvute waya mpaka ofisini kwako, ambako hakuna unga. Stima ikirudi, bodi inaamka, inauliza kule ofisini: mimi ni nani, na kazi yangu ni gani? Kompyuta ya ofisi inaipelekea programu yote kupitia waya. Hakuna mtu wa kukimbia na disketi."

"Inaweza kuuliza yenyewe?"

"Huyu ataifundisha," Muasya akasema, akimwonyesha Mbaluka.

Ndivyo walivyogawana kazi tangu walipokuwa vijana kwenye chuo cha ufundi kule Machakos. Mbaluka aliandika programu. Muasya alitafuta vifaa, akalehemu waya, akachoma chipu, yaani kuandika programu ndani yake, kwa mashine yake ndogo aliyoipenda kama mtoto. Mbaluka alikuwa mtu wa maneno machache. Muasya alikuwa na maneno ya watu wawili. Watu wa Mbotela walizoea kuwaona pamoja, na mmoja akipita peke yake waliuliza mwenzake yuko wapi.

Kazi aliyopewa Mbaluka ilikuwa ngumu kwa sababu ya udogo wake. Bodi ile inapoamka haijui lolote. Ina chipu moja yenye maagizo ya kuiamsha, na humo ndani alitakiwa kuongeza draiva, yaani maagizo ya kuzungumza na kadi ya mtandao: kadi iko mlango gani, inaitwaje, inajibu vipi, na inapopokea kitu, kichukuliweje. Nafasi kwenye chipu ilikuwa finyu. Aliandika, akafuta, akabana, akaandika tena, kwenye meza iliyokuwa karibu na dirisha katika nyumba ya kaunsili aliyoishi na familia yake, kwa sababu kibandani kulikuwa na kelele na vumbi. Mke wake, Kaluki, alikuwa karani wa kupiga taipu katika ofisi moja ya malori kule Industrial Area. Binti yao Mbinya alikuwa akisoma kwa nyanya yake huko Makueni, kwa hiyo nyumba ilikuwa tulivu mchana kutwa.

Muasya alileta kadi kutoka mjini, kwa muuzaji wa vifaa vilivyotumika. Ilikuwa kadi ya kijani iliyochakaa pembeni, lakini alipoijaribu kwa muuzaji taa yake iliwaka.

"Hii ni kadi ya kazi," alisema. "Inakubali njia mbili. Inaweza kupitisha data biti nane nane, au kumi na sita kumi na sita. Bodi yetu ni ya nane. Kuna jampa hapo ya kuchagua."

Jampa ni kijumba kidogo cha plastiki, kidogo kuliko punje ya mchele, kinachovalishwa juu ya vipini viwili vya chuma ili kuviunganisha. Kwenye kadi ile kulikuwa na vipini vitatu. Ukivalisha cha kati pamoja na cha upande mmoja, kadi inakuwa ya nane. Ukivalisha cha kati pamoja na cha upande wa pili, inakuwa ya kumi na sita. Namba zenyewe zilichapishwa kwa rangi nyeupe, nyembamba kama miguu ya siafu.

"Nitaiweka," Mbaluka akasema.

Walipoijaribu mara ya kwanza, kompyuta ya Mbaluka ya mezani ilichukua nafasi ya kompyuta ya ofisi. Waya mmoja uliipelekea bodi ujumbe, na waya wa pili ulirudisha kwenye skrini yale ambayo bodi imeyapokea. Muasya akasema watume neno moja tu. Akachapa MKATE.

Bodi iliamka. Ikaita. Kompyuta ikajibu. Muasya alikuwa tayari ameinua mikono juu. Kwenye skrini likaja MAE.

"Imekula herufi," Muasya akasema. Akatuma tena. MAE. Akatuma jina lake, na herufi zikaja kwa kuruka, moja inafika, moja inapotea.

Aliegemea kiti akafikiri kidogo. "Kaka, hiyo ni jampa. Wewe unachukua nane, kadi inakupa kumi na sita. Nusu inaanguka njiani."

"Jampa iko kwa nane."

"Umeangalia?"

"Nimeangalia."

"Hebu nione."

Mbaluka aliweka kiganja juu ya kadi. "Muasya, nimekwambia nimeangalia. Nimeiona kwa macho yangu."

Muasya alimtazama kwa muda. Halafu akasema haya, basi waangalie programu. Waliiangalia programu jioni ile na siku zilizofuata. Mbaluka alibadilisha jinsi ya kusoma, akabadilisha jinsi ya kusubiri, kila mara Muasya akaenda kibandani kuchoma chipu upya na kuirudisha. Kila mara herufi zilipotea vilevile. Na kila mara Muasya alirudi kwenye jambo lile lile, kwa upole, kama mtu anayebisha mlango akijua kuna mtu ndani.

"Nipe tu hiyo kadi dakika moja."

"Ukiichukua utafanya nini? Utaona kitu mimi sikuona?"

"Pengine."

"Shida ni kadi yenyewe," Mbaluka akasema. Sauti yake ilikuwa imepanda, na Kaluki, aliyekuwa jikoni, akaacha kukoroga uji. "Umeokota kadi mbovu huko mjini ukaniletea, sasa unanitafutia makosa. Wewe ni wa kupenda vitu vya rahisi rahisi. Siku zote ndio kawaida yako. Mimi nakaa hapa nikivunja kichwa kwa sababu ya takataka uliyookota."

Muasya alikuwa na kikohozi wiki zile. Alikohoa, akapangusa mdomo na kitambaa, akakikunja polepole na kukirudisha mfukoni.

"Kaka, mimi nakujua," akasema. "Hayo si maneno yako."

"Basi toka uniache na maneno ya watu."

Muasya alichukua koti lake. Mlangoni alimwambia Kaluki, "Shemeji, kwaheri," akaenda. Hakurudi kesho yake, wala siku iliyofuata. Mbaluka alisema akitaka kununa anune. Mvua kubwa zilikuwa zimeanza, zile za El Nino, na kwa muda hakuna aliyetoka nyumbani bila sababu.

Kaluki alikuwa ameona mambo mengine kabla ya siku ile, ila alikuwa hajayaunganisha. Mume wake alimimina chai mpaka ikafurika kwenye sahani. Alimpita jirani yao Mama Kui kwenye kijia bila kumsalimu, na Mama Kui akauliza kama wamekosana. Aligonga bega kwenye kizingiti cha mlango ambao ameupita miaka yote. Kila moja ya mambo hayo lilikuwa dogo, na kila moja Kaluki alilipatia sababu: amechoka, ana mawazo, kazi ya Ndung'u inamsumbua.

Jumamosi moja alirudi kutoka kazini saa za mchana, akamkuta Mbaluka akipapasa juu ya meza.

"Unatafuta nini?"

"Parafujo imeanguka."

Parafujo ilikuwa karibu na kidole chake cha mwisho, ikimeta. Kaluki alisimama akitazama ule mkono ukiipita, ukirudi, ukiipita tena. Alivuta kiti akaketi. Akainua mkono wake pembeni, mbali kidogo na uso wake.

"Baba Mbinya, hivi ni vidole vingapi?"

"Wacha mchezo."

"Niambie."

Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Mbaluka aligeuza kichwa chote, kama mtu anayemulika tochi, mpaka uso wake ukaufikia mkono.

"Vitatu," akasema. Halafu akasema, "Kama uko mbele yangu nakuona, lakini kama kwa moshi. Ukikaa pembeni, hupo."

"Tangu lini?"

"Mwaka jana."

"Umeenda kwa daktari?"

"Nilienda. Alisema ni presha ya macho. Ile imepotea imepotea, hairudi. Iliyobaki inaweza kuchelewa kidogo nikitia dawa." Alinyoosha mkono chini ya meza, akafungua sanduku la vifaa na kutoa kichupa kidogo kilichofungwa ndani ya kitambaa cha kulehemia. "Natia ukiwa kazini."

Kaluki alikichukua kichupa akakiangalia. Hakujua aanze na lipi, hasira au huruma, kwa hiyo alikishika tu.

"Kwa nini ukanificha?"

"Nilikuwa nangoja nimalize hii kazi."

"Ndio uniambie?"

"Ndio nijue kama mimi bado ni fundi."

Kaluki aliinuka, akakiweka kichupa juu ya kabati mahali pa wazi, akarudi mezani. "Nikusomee nini?" akauliza. "Mimi kusoma ni kazi yangu. Nasoma mwandiko wa madereva kutwa nzima."

Mbaluka alisita. Kisha akaichomoa ile kadi ya kijani na kumpa. Kaluki aliipeleka dirishani, akaigeuza kwenye mwanga.

"Kuna vipini vitatu karibu na ukingo," Mbaluka akamwelekeza. "Viwili vimevalishwa kijumba cheusi."

"Naviona."

"Kijumba kiko upande wa namba gani?"

"Kumi na sita."

"Angalia vizuri."

Kaluki alifuta kadi kwa pindo la leso yake, akaisogeza karibu na macho. Alielewa kwa nini anaulizwa mara ya pili. Alitamani namba iwe nyingine.

"Ni kumi na sita, Baba Mbinya. Nane iko huku, na kipini chake kiko uchi."

Mbaluka alinyoosha mkono, akakigusa kijumba kwa ncha ya kidole, kama alivyokigusa siku ile ya kwanza, alipohesabu kwa kidole upande alioudhani ni wa nane, akaona haya kukubali kwamba anahesabu kwa kidole.

"Kiondoe," akasema. "Kivalishe upande wa pili."

Kaluki alikichomoa kwa kucha zake akakihamisha. Akairudisha kadi kwenye bodi, naye Mbaluka akawasha, akachapa neno kwa mazoea ya vidole, akasubiri.

"Imeandika nini?"

"Mkate."

"Nisomee herufi moja moja."

"M. K. A. T. E."

Kaluki alidhani atafurahi. Mbaluka aliweka mikono yote miwili juu ya meza, viganja chini, akainamisha kichwa.

"Muasya aliniambia siku ya kwanza kabisa," akasema. "Siku ya kwanza. Nami nikamwita mwokota takataka."

Jumatatu alienda kibandani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na maji ya mvua yalikuwa yamepita chini yake. Wakiuru, mama aliyeuza chai na mandazi kibanda cha pili, alimwambia kwamba Muasya hajaonekana kitambo. Alikuwa mgonjwa. Dada yake Koki alikuja na gari akamchukua, akampeleka kwake Tassia.

"Nilidhani unajua," Wakiuru akasema. "Si nyinyi ni mapacha."

Jumapili, baada ya kanisa, Kaluki alipita soko la Burma akanunua mifupa ya supu, kwa sababu mgonjwa haendewi mikono mitupu, halafu wakaenda Tassia. Nyumba za huko zilikuwa ghorofa mpya zilizojengwa juu ya udongo mweusi, na mvua ilikuwa imeugeuza udongo kuwa gundi. Mbaluka alimshika mkewe mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele za watu, na Kaluki akamwambia hapa kuna maji, hapa kuna jiwe, hapa ruka.

Koki aliwafungulia. Aliangalia mifupa ya supu, akashukuru, na macho yake yakajaa machozi kabla hata hajamaliza kushukuru. Akawaingiza chumbani.

Kaluki alisimama mlangoni. Mtu aliyekuwa kitandani alikuwa na macho ya Muasya, lakini macho peke yake. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, shingo imebaki mishipa, na nywele zake, zilizokuwa nzito, zimekuwa nyepesi kama za mtoto mchanga. Miaka ile watu wa mtaa walikuwa wameshaona wengi wa namna hiyo. Hakuna aliyeutaja ugonjwa kwa jina, na hakuna aliyehitaji kuambiwa.

"Niaje, kaka," Muasya akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua, ila bado ilikuwa yake.

Mbaluka aligeukia sauti akatabasamu. "Niko poa. Wewe ndio nasikia umetuangusha."

"Malaria tu hii. Mbu wa Tassia ni wakubwa kama kunguru."

Mbaluka alicheka. Alipapasa kiti akaketi, akanyoosha mkono. Muasya aliacha mikono yake chini ya blanketi.

"Usinishike, nina jasho jingi," akasema. Mbaluka akapigapiga blanketi.

Kisha akasema alichokuja kusema. Hakukizungusha. Alisema jampa ilikuwa kwenye kumi na sita, kwamba macho yake yanakufa tangu mwaka jana, na kwamba maneno aliyoyatoa siku ile yalikuwa ya mtu mwenye hofu. Akaomba msamaha.

"Nilijua," Muasya akasema.

"Ulijua jampa?"

"Nilijua macho. Siku uliyoninyima kadi ndio nilijua kabisa. Kabla ya hapo nilikuwa nakuona ukilehemu kwa kunusa."

"Na hukusema."

"Mtu anaambiwaje kitu ambacho yeye mwenyewe anakificha? Nilikuwa nangoja unipe hiyo kadi. Ungenipa, ningegeuza jampa kimya kimya, tungesema ni mashetani."

Walicheka wote wawili, na kicheko cha Muasya kikageuka kikohozi kirefu. Koki alimshika mabega mpaka kikatulia. Mbaluka alingoja, kisha akasema, kwa furaha ya mtu aliyetua mzigo, "Hii malaria ikiisha, tunaenda kwa Ndung'u pamoja. Wewe utasoma, mimi nitaandika. Na tanuri la pili analo, nimesikia anataka kulileta."

Muasya alimwangalia Kaluki, akatikisa kichwa polepole, mara moja, akaweka kidole kwenye midomo. Kaluki akaelewa anachoombwa. Akainamisha macho.

Wakiwa njiani kurudi, Mbaluka alizungumza kuliko alivyozungumza mwaka mzima. Alipanga kazi ya tanuri la pili. Alipanga jinsi watakavyokifungua tena kile kibanda, yeye akae nyuma na Muasya mbele na wateja, kwa sababu Muasya ndiye mwenye mdomo. Kaluki alimsikiliza huku akimwonyesha mahali pa kukanyaga. Alifikiria kichupa kilichofungwa ndani ya kitambaa, na mwaka mzima aliolala kando ya mtu aliyekuwa akiingia gizani peke yake. Walipofika karibu na mtaa wa Pipeline alisimama.

"Baba Mbinya. Ile si malaria."

"Ni nini?"

"Umesikia sauti tu. Mimi nimemwona. Amekwisha. Hakubaki kitu kwenye blanketi lile." Alikuwa akilia sasa. "Alinionyesha kwa kidole nisikwambie. Lakini mimi sitaki tuishi hivyo tena, mmoja anaona na mwingine anafichwa."

Watu walikuwa wakiwapita na mifuko yao ya sokoni. Mbaluka alisimama kwenye tope, uso wake umeelekea barabarani, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kutazama.

"Nirudishe," akasema.

Walirudi. Koki alipofungua na kuona nyuso zao, aliwapisha. Mbaluka alienda moja kwa moja mpaka kitandani akapiga magoti.

"Nipe mkono."

Muasya alimtazama Kaluki kwa hasira, hasira ya kweli, halafu ikamtoka, akatoa mkono. Mbaluka aliushika kwa viganja viwili. Akaupanda mpaka kwenye kiwiko, mpaka begani, akagusa shingo, akagusa shavu, akigusa kila mahali polepole kama mtu anayetafuta hitilafu kwenye waya na kuomba asiipate. Koki alitoka nje.

"Ungeniambia," Mbaluka akasema.

"Na wewe ungeniambia."

Mbaluka alibaki ameushika ule mkono mpaka Koki akarudi.

Tangu siku ile Mbaluka alihamishia kazi yake Tassia, pamoja na bodi. Kaluki alimpeleka asubuhi kabla ya kazi, akamchukua jioni. Walimwekea Muasya skrini kwenye kiti karibu na kitanda, na mashine yake ya kuchomea chipu juu ya sanduku la nguo. Kupokea neno moja ilikuwa mwanzo tu. Sasa bodi ilipaswa kuomba programu nzima, kuipokea kipande kwa kipande, kugundua kipande kilichopotea na kukiomba tena. Muasya alisoma kwa sauti yale yaliyokuwa kwenye skrini, Mbaluka akachapa. Muasya akichoka, walinyamaza, na Mbaluka akabaki ameketi akimsikiliza anavyopumua. Koki aliwaletea uji. Siku nyingine hawakufanya kazi hata kidogo. Walizungumza juu ya Machakos, juu ya mwalimu wao wa umeme aliyeogopa umeme, juu ya msichana fulani ambaye wote wawili walimwandikia barua naye akaolewa na mkulima wa maembe.

Alasiri moja programu yote ilipita. Muasya aliisoma mpaka mstari wa mwisho, akasema, "Imeingia yote, kaka. Hakuna kilichopotea," akafumba macho apumzike. Chipu waliichoma kesho yake, na Muasya ndiye aliyebonyeza, mkono wake umeshikiliwa na wa Mbaluka ili usitetemeke.

Alifariki kabla ya Krismasi, mvua ikinyesha. Barabara ya kwenda kwao Makueni ilikuwa imekatika mahali pawili, na gari lililobeba jeneza lilizunguka njia ndefu. Udongo wa kaburi ulikuwa mwekundu na mzito. Zamu ya Mbaluka ilipofika, Kaluki alimpa bonge la udongo mkononi na kumgeuza kidogo, akamwambia, "Ni hapo mbele yako." Mbaluka alilirusha. Akabaki amesimama pale, mpaka Kaluki akamvuta taratibu ili wengine wapite.

Januari walienda kiwandani. Kaluki aliomba ruhusa kazini, akapanda juu ya kiti na kufungua sanduku la bati, na Mbaluka, kwa vidole, akapachika kadi, akapachika chipu, akabana waya. Kisha Bwana Ndung'u mwenyewe akazima swichi kubwa ukutani. Mkanda ukasimama, feni zikafa, wafanyakazi wakanyamaza. Akawasha. Kwa muda kidogo hapakuwa na kitu. Halafu Mbaluka akasikia mkanda ukianza kuvutwa na moto ukishika ndani ya tanuri, bila mtu kugusa chochote. Wafanyakazi wakapiga makofi.

"Na yule mwenzako?" Bwana Ndung'u akauliza, amefurahi. "Yule mwenye maneno mengi. Leo ungemleta."

"Tulimzika Disemba," Mbaluka akasema.

Bwana Ndung'u alivua kofia yake nyeupe. Akamshika Mbaluka bega na kuliacha bega hilo likiwa na alama ya unga.

Tanuri la pili lilipoletwa, Mbaluka alilikataa. Alisema hawezi kazi ile akiwa mmoja. Dawa ya macho aliitia kila siku, Kaluki akimkumbusha, lakini moshi uliendelea kuingia, na mwaka uliofuata alibaki na mwanga tu: aliweza kujua dirisha liko wapi, na kama kuna mtu amesimama mlangoni. Koki alimwachia mashine ya kuchomea chipu, akisema kwake itashika kutu. Mbaluka aliifunika kwa kitambaa na kuiweka kando ya meza. Majirani waliendelea kumletea redio, naye aliendelea kuzitengeneza kwa masikio na vidole. Jumamosi Kaluki aliketi naye kumsomea namba na rangi za waya.

Mara moja moja, akiwa amezama kwenye kazi, alinyoosha mkono pembeni bila kugeuza kichwa.

"Muasya, nipe bisibisi."

Kaluki aliichukua bisibisi akaiweka kwenye kiganja kile. Mbaluka alitulia kidogo, kisha vidole vyake vikaifunga, akaendelea na kazi.